Bila Maji, Hakuna

Nyapal haamini samaki. Si kwamba hali. Anakula, tena ndio biashara yake, samaki wakavu pale soko la Konyo Konyo, upande unaoelekea mtoni. Lakini furushi likishushwa mbele yake hulifungua mpaka katikati, maana anajua wanaoleta samaki kutoka Terekeka huwaficha wabovu tumboni mwa furushi na kuwafunika kwa wazuri. Humvunja mmoja mkia asikilize kama unalia. Usipolia, ujue amenyunyiziwa maji njiani ili aonekane mnene. "Hii imekunywa," husema, na kumrudishia mwenyewe bila hata kumtazama. Wachuuzi humwona mkorofi. Mimi nasema si mkorofi. Ni mtu aliyedanganywa mara nyingi akiwa bado kijana, akaamua kwamba inatosha.

Anavyowafanyia samaki ndivyo anavyowafanyia watu. Muuguzi akimpa dawa, huuliza ile nyingine iliyobaki kabatini ni ya nani. Bodaboda akimwambia daraja limefungwa, hushuka akaenda kuliangalia mwenyewe. Jirani akimletea asida, ule ugali wa kwao, bila sababu, huipokea, hushukuru, halafu hukaa siku nzima akisubiri ombi lifuate. Na tusimwonee, mara nyingi ombi hufuata.

Kitu kimoja tu alikiamini bila kukivunja mkia, nacho ni maji ya ubatizo.

Kanisani kwao, mtaa wa Hai Malakal, kuna ibada ya Kiswahili, inayowakutanisha Wakenya wa benki na hoteli na wale wenyeji waliokulia Kenya. Huko walimwita Mama Maji. Mtoto akizaliwa, Nyapal amefika kabla ya uji wa mzazi kupoa. "Mtoto amepata maji?" Hiyo ndiyo salamu yake. Kama bado, humfuata Mchungaji Igga popote alipo, hata akiwa mezani, akasimama mlangoni mpaka mchungaji anawe mikono. Ukimletea habari za neema na za imani ya moyoni, atakusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha atasema maneno yale yale: "Bila maji, hakuna."

Watu walidhani ni ukali wa dini tu. Sababu ilikuwa nyingine, na hakuna aliyeijua. Kabla ya Nyakim, binti yake, alikuwapo mtoto wa kiume, jina lake Nhial. Alizaliwa njiani wakati wa vita, Nyapal na mumewe Makuach wakikimbilia Kenya kwa miguu. Walipofika Narus, karibu na mpaka, mtoto akashikwa na homa. Palikuwa na mwinjilisti amekaa chini ya turubai, na Nyapal akampelekea mtoto ambatize. Mwinjilisti alikuwa amechoka na watu walikuwa wengi. Akasema wasubiri Jumapili, wote watabatizwa pamoja. Nhial hakuifikia Jumapili.

Kule kambini Kakuma, Nyakim akiwa bado tumboni, Makuach alirudi vitani na hakuonekana tena. Nyapal akabaki na swali moja. Siku moja alimuuliza mwanamke aliyejua maandiko, naye akamweleza, bila ubaya wowote, kwamba Bwana alimwambia Nikodemo mtu haingii katika ufalme asipozaliwa kwa maji na kwa Roho. Nyapal akauliza, "Hata mtoto mdogo?" Yule mwanamke akatazama chini. Nyapal anajua kusoma nyuso, na uso ule ulimwambia mtoto wake yuko nje.

Tangu siku hiyo hakulitaja jina la Nhial mbele ya mtu. Alibatizwa mwenyewe, na Nyakim alipozaliwa alipata maji kabla ya kupata nguo. Kisha akaanza kazi yake ya kuwafukuzia watoto wa wenzake maji. Aliwapenda, ndiyo. Lakini kila mtoto aliyenyunyiziwa alimkumbusha yule aliyeambiwa asubiri.

Basi ndipo akaja Wafula.

Morris Wafula ni fundi wa jenereta katika hoteli moja mjini, mtu wa Bungoma, anapanga chumba Gumbo ng'ambo ya daraja. Ni mrefu, mpole, na sauti yake ya wimbo inashika safu ya kwanza hadi ya mwisho. Alipoanza kuimbisha pale kanisani wazee walimpenda, na Nyakim, aliyesomea Eldoret na sasa ni mhasibu wa shirika moja, alimpenda kwa namna yake. Alipomwambia mama yake, Nyapal hakusema ndiyo wala la. Alianza uchunguzi.

Alimwendea Quinter, Mkenya anayepika chakula karibu na soko, ambaye Wafula hula kwake mchana.

"Huyo hana maneno, mama," Quinter akasema. "Anakula, analipa, anaenda."

"Mtu hana maneno, ameyaficha wapi?" Nyapal akauliza.

Quinter akacheka, na Nyapal hakucheka. Alikuwa ameuliza kwa dhati.

Kilichomsumbua zaidi ni adabu ya kijana. Kwa Wanueri, kabila la Nyapal, mchumba hamkodolei macho mama wa msichana wala hali mbele yake. Wafula alipokuja kujitambulisha alisimama langoni, hakutoa mkono, akapewa kiti akakigeuza, akakaa amempa mama mkwe kisogo. Chakula kilipoletwa akashukuru na kukiacha.

"Nani amemfundisha desturi yetu?" Nyapal alimuuliza binti yake mgeni alipoondoka.

"Hakuna mtu, Mum. Hata kwao Bukusu ni hivyo. Mkwe hawezi kukusalimia kwa mkono."

"Haya," Nyapal akasema, kwa sauti ya mtu anayeweka jambo akiba. Ilikuwa heshima kamili, hawezi kulalamika. Lakini heshima hiyo ilimnyima kitu alichokuwa akikitegemea maisha yake yote. Hakuuona uso wa kijana, na bila uso alikuwa kama mtu anayenunua furushi lililofungwa.

Wajomba kule Bentiu walikwisha kuelewana kwa simu na watu wa Wafula kuhusu ng'ombe wa mahari. Kilichobaki ni kanisa. Jumapili moja baada ya ibada, mbele ya wazee na akina mama, Mchungaji Igga akafungua mambo ya ndoa kwa swali ambalo kwake lilikuwa la kupita tu.

"Na wewe Wafula, ulibatizwa kanisa gani?"

"Sijabatizwa kwa maji, Pasta."

Mchungaji alidhani hakusikia vizuri, akauliza tena. Wafula akajibu vilevile. Akaeleza kwamba yeye amelelewa katika Kanisa la Marafiki, wale ambao kwao huitwa Friends, na kwamba Marafiki wanaamini ubatizo ni wa Roho, ndani ya mtu. Maji hawayatukani, lakini hawayatumii. Akasema hata yule mnyang'anyi aliyesulubiwa na Bwana hakuteremshwa kwanza akaoshwe ndipo aahidiwe kuingia peponi.

"Mbona hukusema?" mzee mmoja akauliza.

"Hamkuniuliza, mzee. Mlisema niimbishe, nikaimbisha."

Na hapo ndipo kosa lao lilipowarukia usoni. Mtu anayeitwa Morris, anayezijua nyimbo zote, anayeomba mpaka watu wanalia, nani angefikiria kumuuliza? Tena mbaya zaidi, Pasaka iliyopita, watoto walipobatizwa, aliyeshika bakuli la maji alikuwa yeye. Walimpa kwa sababu ni mrefu na mikono yake haitetemeki.

Kufika Jumatatu habari ilikuwa imeshavuka soko. Akina mama waliulizana kwenye mabanda: wako alibatizwa lini, na bakuli lilishikwa na nani? Abuk, ambaye pacha wake wawili walibatizwa siku ile, aliwabeba mmoja mgongoni mmoja kifuani akaenda kwa mchungaji kudai wabatizwe upya. Mchungaji Igga akakataa, akasema ubatizo ni ubatizo, haujali mshika bakuli. Abuk akamjibu kwamba basi na yeye mchungaji angekaa nyumbani, bakuli lijishike lenyewe. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba huenda kijana ana dini nyingine ya siri, au ametumwa. Ametumwa na nani, hakuna aliyesema, lakini kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Nyapal alikuwa na haki ya kufurahi. Machale yalikuwa yamemcheza tangu mwanzo, na sasa dunia nzima imeona. Alijaribu kufurahi. Alipanga samaki wake, akafukuza nzi, akangoja furaha ije. Badala yake lilikuja neno la Wafula kuhusu yule mnyang'anyi, likakaa. Kama mnyang'anyi aliingia akiwa mkavu, je, mtoto asiye na kosa?

Aliliogopa wazo hilo kuliko alivyowahi kumwogopa askari. Lilikuwa tamu mno. Maisha yalikuwa yamemfundisha kwamba anayekuja kukuambia furushi lake lote ni zima, la huyo ndilo la kufungua kamba haraka. Nani anafaidika maji yakiwa si lazima? Wafula anafaidika. Anamtaka Nyakim. Basi na atamke anachotaka, Nyapal hatamuuzia Nhial kwa bei hiyo.

Alipata habari kwamba Jumapili alasiri Wafula huomba na watu wa kwao, katika chumba cha kupanga huko Gumbo. Akapanda boda, akavuka daraja, akashuka kando ya barabara ya Nimule. Alijifanya anachagua makaa, jicho likiwa kwenye dirisha la chumba kile. Kusema kweli alitumaini kuona jambo la kutisha, ngoma za ajabu, au damu ya kuku. Aliona watu wachache wamekaa kwenye viti vya plastiki, mama mmoja ananyonyesha, na Wafula anaimbisha wimbo uleule anaouimbisha Hai Malakal. Bakuli halikuwapo. Mkate haukuwapo. Wakasali, wakapeana mikono, wakatoka wakiulizana habari za nyumbani. Nyapal alirudi na gunia la makaa asilolihitaji na hasira asiyojua aimwage wapi.

Ndipo akatega mtego. Alimwita Wafula nyumbani siku ambayo Nyakim yuko kazini. Kijana akaja, akageuza kiti kama kawaida yake, akatazama lango. Nyapal akakaa nyuma yake kwenye kizingiti cha tukuli, nyumba yake ya duara ya nyasi.

"Wewe sikia," akasema. "Mimi sitaki makelele ya watu. Kesho Pasta nakuja hapa. Maji kidogo tu kwa kichwa, kalas, basi. Hakuna mtu naona. Baadaye wewe endelea kuamini vile unataka. Mimi nakupa Nyakim."

Mtego huu ulikuwa na meno pande zote mbili. Akikubali, ni mwongo anayemdanganya Mungu kwa ajili ya mke, na Nyakim hampati. Akikataa, ni adui wa maji, na Nyakim hampati vilevile. Nyapal alijiona amefanya kazi safi. Akatazama kisogo cha kijana, akangoja aone kitaanguka upande gani.

Wafula akafuta jasho shingoni.

"Mama, nampenda Nyakim sana," akasema mwishowe. "Hiyo unajua."

"Basi kubali."

"Siwezi."

"Maji itakuumiza?"

"Hapana. Kama ningekuwa peke yangu, ningeinamisha kichwa leo hii." Akasita. "Mama, mimi nililelewa na nyanya yangu. Yeye ndiye alinifundisha kuomba. Alikufa bila maji, hajawahi kuguswa hata na tone. Sasa mkisema bila maji hakuna mbingu, na mimi nikubali kunyunyiziwa ndiyo nipewe mke, nitakuwa nimesema nini juu ya nyanya? Nitakuwa nimesema yuko nje. Siwezi kumtoa nyanya nje kwa sababu ya harusi yangu."

Neno hilo lilimfika Nyapal. Akatafuta hila ndani yake. Vijana wanajua kutunga habari za nyanya zao. Aliutamani uso wa huyu mtu, hata kwa dakika moja, ausome.

"Wewe najua aje huyo nyanya yako iko ndani?"

"Ninaamini."

"Sijauliza kuamini. Nauliza, unajua?"

Hapa ndipo alipomngojea. Mtu wa hila angekuwa na jibu tayari, tena laini, lenye aya tatu na wimbo juu yake. Mbuzi wa jirani akaingia, akanusa gunia la makaa, akatoka, na Wafula bado anatazama lango.

"Sijui, Mama," akasema. "Kujua, sijui. Lakini mimi si wa kumfungia mlango. Kama umefungwa, basi aufunge Mwenyewe. Mimi mkono wangu hautakuwa hapo."

Nyapal alimwambia aende, na kijana akaondoka akijua amekosa mke, maana mabega yake yalikuwa yameshuka. Nyapal aliyaona hayo mabega. Akabaki kizingitini. Kijana angesema anajua, yeye angemtupa nje kama samaki aliyelowa. Lakini hakujua, na alisema hajui, akijua kabisa litamgharimu nini. Mtu huyu angeweza kuipata raha yake kwa kumkana marehemu asiyeweza kumshitaki, akakataa. Na yeye Nyapal je, alikuwa amefanya nini miaka yote?

Swali hilo lilimuuma, na hakuweza kulivunja mkia.

Jumamosi wazee walikutana kanisani kuamua. Nyakim alikaa benchi la nyuma, macho yamevimba kwa kulia. Wafula alisimama karibu na mlango, kama fundi aliyekuja kutengeneza taa. Mchungaji Igga alizungumza kwa uangalifu, akasema Bwana mwenyewe aliingia Yordani, nasi ni nani tukatae. Akasema pia kwamba Mungu hafungwi na bakuli. Kwa ufupi, alisema pande zote mbili, kisha akageuka kumtazama aliyemtegemea kulimaliza jambo.

"Mama Nyakim, wewe ndiye umetufundisha siku zote kwamba bila maji hakuna. Na kijana huyu ni wa nyumba yako. Tuambie."

Akina mama wakamgeukia. Abuk, pacha wake mapajani, akaitikia kwa kichwa kabla neno halijatoka.

Nyapal akasimama. Alizitazama nyuso zote kwa zamu, za wazee, za akina mama, na uso wa Wafula uliokuwa umeinama kwa heshima hata hapo. Akashika benchi la mbele.

"Ni kweli nilisema," akasema. "Maji ni amri. Mtu iko na nafasi, abatizwe. Hiyo sijaacha. Lakini ile ya kusema mtu hajapata maji iko nje, hiyo mimi sisemi tena."

Pakawa na mnong'ono. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyemgeuza, na ameahidiwa nini. Ni swali ambalo Nyapal mwenyewe angeliuliza, tena kwa ukali zaidi.

"Hakuna mtu amenigeuza," akasema. "Mimi nilikuwa na mtoto. Jina yake Nhial. Aliniishia kwa mkono pale Narus, tukingoja Jumapili ya mwinjilisti. Hakupata maji. Tangu hapo kila siku nasema bila maji hakuna, bila maji hakuna. Mlidhani naambia nyinyi. Nilikuwa naambia huyo mtoto. Mimi mama yake ndiye nilikuwa nasimama kwa mlango, namwambia usiingie. Kama Mungu anamkataa, amkatae Yeye. Mimi nimechoka. Sasa nyinyi wazee amueni ndoa vile mnataka."

Akakaa. Hakuna aliyejua atazame wapi, kwa hiyo wengi walitazama chini, na safari hii Nyapal hakutafuta maana ndani ya nyuso zao.

Nyakim alitoka benchi la nyuma, akaja akakaa karibu na mama yake. Alikuwa amekua akijua yeye ni mtoto wa pekee. Aliushika mkono wa mama uliokuwa na harufu ya samaki isiyotoka hata kwa sabuni.

"Mum," akamuuliza kwa sauti ya chini, "alikuwa anafanana na nani?"

Nyapal akamtazama binti yake kwa ile desturi yake ya kuchungua, kama swali lile lina kitu kimefichwa ndani. Halikuwa na kitu.

"Na wewe," akasema.